Kikombe Juu ya Kiganja

Watu wengine wote niliowahi kuwajua walishika kikombe. Metere peke yake alikibeba. Alikiweka juu ya kiganja kilichokunjuliwa, vidole vinne vimenyooka, na kidole gumba amekitenga pembeni kama mtoto aliyefukuzwa kwenye sinia. Chai iwe ya moto namna gani, hata ile inayounguza ulimi mpaka kesho kutwa, alivuka nayo ukumbi mzima bila kumwaga tone. Sisi tulisema zamani alikuwa boi wa hoteli ya Wazungu. Wengine walisema alijifunza sarakasi Kigoma. Mimi nilikuwa nawaambia wageni kwamba Metere alishapanda mlima wa Kinanira na bakuli la mchuzi juu ya kiganja, mvua inanyesha, akafika juu mchuzi uko peke yake na mvua iko peke yake. Hilo nililitunga, lakini ungemwona akitembea na kikombe chake ungeniamini, na ungeongeza la kwako.

Jina la nyumbani silitaji. Hata nikilitaja, mtaani kwetu Buyenzi kote hakuna atakayejua namsema nani. Kwa Kifaransa mtu anayeongoza mchezo wa jukwaani ana jina refu lenye vituo vingi kama basi la mkoani. Sisi tulipanda kituo cha kwanza tukashuka hapohapo: Metere. Wake za watu walimwita Metere, imamu alimwita Metere, na nina hakika hata kuku walimwita hivyo, kwa kuwa walikuwa wanamfuata makusudi. Mtu huyu aliyewaamuru watu wazima walie na wakalia, aliogopa kuku. Kuku akiingia ukumbini wakati wa mazoezi, repetisyo ilisimama, na Metere alipanda juu ya kiti mpaka mtu amtoe.

Nilimjua kwa sababu ya shule ya usiku. Niseme kabisa, maana cheti changu nakipenda: mimi ni mhitimu wa shule ya usiku ambayo haikuwahi kuuona usiku. Vita vilipoanza na kuvrefe ikawekwa, mtu akikutwa nje giza limeingia anajuta, shule ikahamishiwa saa tisa mchana, lakini jina hakuna aliyelihamisha. Tulikuwa tunasoma shule ya usiku huku jua linatuchoma visogo. Metere alitufundisha kusoma kwa sauti. Asubuhi alikuwa fundi wa kushona viti vya magari, mchana alikuwa mwalimu wetu, na baada ya hapo, kabla jua halijazama, alikuwa Metere.

Siku moja nililala darasani. Nilikuwa nimetoka kubeba mizigo sokoni tangu alfajiri, na mimi nikilala nalala kweli, ng'ombe anaweza kuzaa pembeni yangu. Nilipofumbua macho, nilimkuta amesimama juu yangu, ananitazama kwa upendo. Akauliza darasa kama wamewahi kuona mtu anayelala vizuri hivi. Halafu akaniambia ana kazi kwa ajili yangu. Ndivyo nilivyoingia kwenye kundi lake la maigizo: nilikuwa maiti.

Usicheke. Miaka ile, nafasi ya maiti ilikuwa imekosa mtu. Hakuna aliyetaka kulala chini na kufunikwa shuka mbele za watu, maana nje walikuwa wanalala wengine ambao hawakuamka. Mama Zaina, aliyekuwa anauza ndagala, dagaa za ziwa letu, za kukaanga, na ndiye aliyeigiza mjane wangu, alinisomea dua mara ya kwanza nilipofunikwa. Mara ya pili alinifinya aone kama bado nahisi. Nilikuwa baba wa watoto wawili walionizidi umri wote wawili. Nilikufa vizuri sana. Watu walikuja kutoka avenue za mbali kuniangalia nikifa. Na kwa kuwa maiti hana maneno, nilikuwa na muda mwingi chini ya shuka wa kusikiliza. Nusu ya yote ninayoyajua juu ya mtu huyu niliyasikia nikiwa marehemu.

Namna yake ya kufundisha sijaikuta kwa mtu mwingine. Mama Zaina alipenda kulia, akianza kulia hata mbwa wa jirani wanamjibu. Metere alimwacha amalize, akampa ungo wenye mchele, akamwambia:

"Usilie, Mama Zaina. Chagua mchele, uache mawe."

Basi. Mama yule akakaa karibu na maiti yangu akachagua mchele, na mawe akayaacha, na punje nzuri akazitupa. Waliokuwepo wakafuta macho kwa mikono ya nguo. Mimi mwenyewe, marehemu, nilitokwa na machozi, ikabidi nigeuzwe upande wa ukuta.

Ukumbi wenyewe ulikuwa banda la garaji. Watazamaji wetu walikaa kwenye viti vya teksi zilizokufa, ambavyo Metere alivishona upya kwa mikono yake, kwa hiyo mtu alikuja kutazama mchezo akajikuta anatafuta usukani. Na tulikuwa tunatembea na mchezo wetu pia. Tulipokwenda kuigiza Cibitoke tulibeba machela, na mimi juu yake, kwa sababu Metere alitaka maiti azoee kubebwa. Kwenye kizuizi askari wakatusimamisha. Mmoja akanyanyua shuka akaniangalia, akauliza kama huyu mutu amekufa.

"Bado, shefu," Metere akajibu, adabu tupu. "Anakufa saa kumi. Mukija mutamuona."

Moyo wangu ulisimama, nikawa maiti kweli kwa muda kidogo. Yule askari alitutazama mmoja mmoja, halafu akacheka mpaka akashikilia kofia. Saa kumi walikuja wawili, wakakaa viti vya mbele na bunduki zao magotini, na nilipokufa mmoja wao alivua kofia.

Sasa nifike kwenye lile lililotusumbua. Metere alikuwa anatuambia kila siku kwamba waigizaji ni nyumba moja, wanakula sinia moja. Lakini yeye hakuwahi kula nasi. Alikuja na termosi yake ya chai, ya rangi ya udongo, kizibo kimefungwa kwa kamba, na hakuwahi kummiminia mtu. Ukimwomba, alikusogezea termosi na kusema, "Jimiminie." Kama kikombe kilikuwa lazima kipite mikononi mwake, alikionja mbele yako, halafu akakuletea juu ya kiganja, kidole gumba kule mbali. Tulimwita bahili. Wakati wa ambargo, nchi jirani zilipotufungia mipaka na sukari ikawa adimu kama theluji, tulisema anaficha sukari ndani ya termosi. Lakini mtu bahili hawezi kumvulia kijana wa Carama viatu vyake akaenda nyumbani pekupeku, na hilo nililiona kwa macho yangu mawili. Kwa hiyo ubahili ulikuwa wa chai tu, na hatukuuelewa.

Nikueleze kabla hatujaendelea, maana ukikosa hili utakosa yote. Baba yake Metere aliugua muda mrefu. Siku ya mwisho Metere alimpa kikombe cha chai ya maziwa. Alikionja kwanza, kama inavyotakiwa kwetu ili anayepewa asihofu sumu, akampa mzee, mzee akanywa, na kabla ya magharibi akawa amekufa. Kaka yake mkubwa alishuka kutoka Kinanira, alikojenga. Akauliza nani alimpa mzee kitu cha mwisho. Metere akasema ni yeye. Akaulizwa kama alionja, akasema alionja. Ndipo yule kaka akauliza: na kidole gumba?

Mgeni hataelewa, lakini kwetu kila mtoto anajua. Husemwa kuwa kuna watu wanaoweka sumu chini ya ukucha wa kidole gumba. Wanaonja mbele yako, unawaona, unaridhika, halafu wakikukabidhi kikombe wanachovya kidole. Kwa hiyo anayeulizwa swali hilo hana jibu. Aseme nini? Siku ya arobaini, kaka mkubwa alikuja kwenye hitima na termosi yake mwenyewe kutoka nyumbani, akaiweka mbele yake mkekani, Buyenzi nzima ikaona. Hakumtukana mdogo wake. Alikunywa chai yake, akaomba dua, akapanda Kinanira. Tangu siku hiyo Metere alitaka kitu kimoja tu duniani, nacho ni kaka yake anywe tena kitu kutoka mkononi mwake. Mengine yote, mchezo, viti, mimi kufa kila alasiri, yalikuwa njia ya kufikia pale.

Sisi hatukuwa tunajua. Tulichojua ni kwamba ametunga mchezo wa jinai, na kwamba mchezo wenyewe ulikuwa kichwani mwake tu. Baba mwenye nyumba anakunywa kikombe kwenye karamu ya ukoo, anakufa. Waliogusa kikombe ni mkewe, mwana mkubwa na mwana mdogo. Sauti ya polisi inauliza kutoka nyuma ya pazia, na sauti hiyo ilikuwa ya Metere. Mwana mkubwa aliigizwa na Salvatori, makanika wa Cibitoke, mtu mwenye mikono kama makasia. Mdogo alikuwa Desideri wa Carama, yule aliyepewa viatu, mwanafunzi, mwembamba, mdomo kama wembe. Kutoka mtaa wa Cibitoke mpaka mtaa wa Carama ni mwendo wa mguu, lakini miaka ile ulikuwa mwendo wa kuomba Mungu kwanza, na hao wawili kila mmoja upande wake ulikuwa unauhesabu upande wa mwenzake kuwa hatari. Kwenye banda letu waligombana kwa mizaha tu. Desideri alimwita Salvatori Mafuta Machafu. Salvatori alimwita Desideri Kalamu ya Mkopo.

Kitu cha kwanza walichotaka kujua ni nani aliyeniua. Walimsumbua Metere kwa wiki nzima.

"Metere, mi nataka kujua," Salvatori alisema. "Ni mi nilimuua muzee, ao si mi?"

"We unajionaje?"

"Najiona nina njaa."

"Basi igiza njaa, tutaona itakupeleka wapi."

Mwishowe Metere akasema wajaribu wote, kila mmoja awe muuaji kwa zamu, tuone nani anafaa. Salvatori akaanza. Akatia unga kwenye chai, akakoroga huku ametupa mgongo, uso umejaa uovu wa kutisha. Akaja kwangu na kikombe. Akainama. Na kabla ya kunipa, akanywa funda moja.

Metere akapiga makofi. Akatupa pole, akasema muuaji amekufa mbele ya marehemu, tunazika wawili. Tukarudia. Salvatori akaja, akainama, akaonja. Tukarudia tena, akaonja tena, jasho linamtoka.

"Mkono unaenda wenyewe," akasema. "Mama angeniona nampa muzee kikombe bila kuonja, angenichapa mbele ya watu."

Desideri akasema hayo ndiyo matatizo ya watu wa garaji, lete hicho kikombe. Akatia unga, akakoroga, akaja na tabasamu la nyoka. Akaonja. Alikuwa ameshameza alipogundua, na uso wake pale ningeununua kama ungeuzwa. Mama Zaina akawanyang'anya, akasema wanaume hata kuua hawawezi bila kuonyeshwa. Akaja, akaonja, halafu akafuta ukingo wa kikombe kwa pindo la kitenge chake ili nisinywe alipogusa mdomo wake. Sumu safi, kwenye kikombe safi.

Metere alicheka mpaka akateleza kutoka kwenye kiti cha teksi. Alicheka akiwa chini. Halafu kicheko kikaisha ghafla, akabaki amekaa pale sakafuni, anawatazama mikono: ile ya makanika, ile ya mwanafunzi, ile ya mama wa ndagala.

"Mikono yenu ilisoma shule moja," akasema.

Kesho yake akatuambia mchezo hauna muuaji. Baba alikuwa mgonjwa, akafa. Polisi anauliza, ndugu wanashtakiana, ukoo unapasuka, na mwishoni mjane anasema mume wake alikufa mwenyewe. Hapo ndipo nilipoona waigizaji wakimgeukia Metere kama kuku zake. Salvatori alikuwa wa kwanza.

"Mutu anakuja kuangalia jinai, unamupa malaria? Watavunja viti."

"Viti nilishona mi. Havivunjiki."

Mama Zaina alisema sambusa bila nyama si sambusa, ni chapati iliyokunjwa. Desideri, aliyesoma kutuzidi wote, alieleza kwa Kifaransa kirefu kwamba mchezo wa namna hii unadai mkosaji, na watazamaji wamekaa pale wote ili wamtafute. Metere alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na tabia hiyo, ukizungumza anakutazama kinywani kana kwamba maneno yako yanatoka na picha.

"Muji huu una wafu wengi waliouawa," akasema. "Wauaji wao hatuna haja ya kuwatunga. Mi natafuta maiti mumoja tu aliyekufa mwenyewe. Mumoja tu. Mukinipatia huyo, nitalala."

Mimi chini ya shuka nilijiona nimepandishwa cheo.

Halafu Desideri hakuja. Kulikuwa na moshi upande wa kaskazini, na kwa siku kadhaa barabara ya kwenda kwao ilikuwa imefungwa. Aliporudi alikuwa amevaa viatu vilevile vya Metere, na mfuko wa nguo begani, na akatuambia maneno machache: baba yake mdogo ameuawa Carama, mlangoni kwake. Mama Zaina alimkumbatia. Salvatori alisimama pale na mikono yake mikubwa, hajui aiweke wapi. Metere akasema turudi nyumbani, lakini Desideri akasema hana nyumbani, tufanye kazi.

Tukafanya mazoezi ya sehemu ya mwisho ya mchezo, pale ndugu wawili wanapopatana kwa kunywa kikombe kimoja. Salvatori akaonja, akamnyooshea mwenzake.

"Weka chini," Desideri akasema.

"Nimeonja."

"Nimekuona. Na kidole gumba?"

Hiyo haikuwa kwenye mchezo. Nilitoa kichwa nje ya shuka. Salvatori alikuwa anatazama kidole chake mwenyewe, chenye grisi ya miaka chini ya ukucha, kama kidole cha mtu mwingine. Angeweza kupiga. Angeweza kuondoka, na kundi letu lingeishia pale. Metere akatoka nyuma ya pazia, akachukua kikombe kutoka mkononi mwa Salvatori, akakiweka juu ya kiganja chake kilichokunjuliwa.

"Hilo swali," akasema, "mi niliulizwa na mukubwa wangu."

Akatusimulia yale niliyokwisha kukueleza: chai ya maziwa, Kinanira, termosi kwenye arobaini. Alisimulia kikombe kikiwa palepale kiganjani, na ndipo sisi wapumbavu tukaelewa sarakasi yake yote. Tulikuwa tumekicheka kidole kile kwa miaka.

Desideri alisikiliza. "Baba yako alikufa mwenyewe," akasema mwishowe. "Baba mudogo wangu apana."

"Najua. Wako walimuua, na waliomuua wana majina. Usimuchanganye na wangu. Tukisema kila kifo ni sumu, siku utakayotaja majina hayo nani atakusikiliza?"

Desideri hakunywa. Metere hakumlazimisha, na hapa ndipo ninapomheshimu kuliko vyeti vyote vya mchana na usiku. Angeweza kumwambia kijana yule kwamba ni mchezo tu. Badala yake aliubadilisha mchezo. Akasema kuanzia sasa kikombe kitabaki chini, katikati ya ndugu wawili, kimejaa, mpaka Desideri atakapoona anaweza. Salvatori akakiweka chini taratibu, na kikabaki chini.

Kabla ya onyesho la kwanza Metere alinituma Kinanira kumwalika kaka yake. Alinichagua mimi kwa sababu, alisema, nina uso usioudhi. Nilipanda. Kaka mkubwa alinipokea barazani, mzee mrefu mwenye kanzu nyeupe kuliko chokaa, akaniletea soda haijafunguliwa, na kifungulio pembeni, nifungue mwenyewe. Nilitoa salamu zote ninazozijua, nikafika kwenye mwaliko. Akaniambia nimwambie mdogo wake kwamba baba yao si mchezo, na kwamba amesikia watu watakaa kwenye viti vya teksi wamtazame marehemu baba yake akifa kwa kuchekesha.

"Samahani muzee," nikasema, "hawatacheka. Baba ni mimi."

Alinitazama kuanzia kwenye ndala mpaka kwenye nywele. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, shingo kama kijiti. Nadhani kitu fulani kilicheza kwenye mdomo wake, lakini alikikamata haraka. Akasema nimalize soda yangu. Nilipomletea Metere jibu, aliniuliza jambo moja tu: kama kaka yake alikuwa anaonekana mwenye afya.

Hakuja. Hakuja siku ya kwanza wala siku nyingine, na tuliucheza mchezo banda likijaa mpaka watoto walining'inia dirishani kama popo. Watu hawakuvunja viti. Mjane wangu alipochagua mchele wake na kusema, "Alikufa mwenyewe, wanangu, alichoka," banda lilikaa kimya namna ambayo, nakuapia, ulisikia ziwa. Kina mama wa mbele walikuwa wanamnong'oneza Desideri anywe, mwanangu, kunywa, na yeye alikuwa anakitazama kikombe kile chini. Hakukigusa. Mara zote hizo Metere alikuwa nyuma ya pazia, na kabla hatujaanza alichungulia viti, kiti kwa kiti, halafu akasema haya, tufe.

Mwaka uliofuata redio moja ikataka kuurekodi mchezo. Metere akatupeleka wote, na mimi. Fundi wa mitambo akauliza huyu ana maneno gani. Metere akasema hana, ni maiti. Fundi akasema kwa upole kwamba maiti haonekani redioni. Metere akasema watamsikia. Nikalala kwenye zulia la studio bila kazi yoyote mpaka mwisho, na mpaka leo namwambia kila mtu kwamba mimi ndiye mtu pekee Burundi aliyekuwa nyota wa redio bila kufungua kinywa. Lakini alikuwa sahihi, maana Mama Zaina hakuweza kuyasema maneno yake bila kuniona.

Tulipofika mwisho, fundi akauliza kikombe kilichowekwa chini kitasikikaje. Kimya redioni ni kosa la mitambo, akasema, watu watadhani umeme umekatika. Metere akafikiri. Akamwambia Salvatori amimine chai, chai ya kweli, na afanye kama zamani. Salvatori akaonja, ukasikika mvuto wa midomo yake. Akanyoosha mkono. Chini pale nilikuwa naona miguu tu: ya Salvatori, na ya Desideri ndani ya viatu vya Metere. Miguu ya Desideri ikasogea. Halafu nikasikia akimeza, funda, halafu funda la pili refu, na kikombe kikagonga meza kitupu.

Fundi akasema imepatikana. Metere alikuwa amegeuka ukutani, anafungua na kufunga kamba ya termosi yake.

Miaka ikapita. Kundi likatawanyika, Salvatori akafungua garaji yake, Desideri akaenda kufundisha, na mimi nikapata cheti changu. Wakubwa walikuwa wameanza kutia saini mapatano, kuvrefe ikasogezwa mbele, na usiku ukaanza kurudi kwa watu. Nikaenda kwa Metere alasiri moja kumwonyesha cheti, maana alikuwa ndiye mtu wa kwanza kuona kipaji changu cha kulala.

Nilimkuta uani. Alikuwa amezeeka ghafla, kama mtu aliyesubiri ruhusa ya kuzeeka. Alikisoma cheti changu kwa sauti, polepole, kama alivyotufundisha, na kila nukta alisimama. Kwenye kiti kimoja cha teksi alikuwa amekaa mzee mrefu mwenye kanzu nyeupe kuliko chokaa. Nilitafuta termosi mbele yake, chini ya kiti, pembeni. Haikuwepo.

Yule mzee akanitambua. "Huyu si ndiye baba?" akasema.

Nikasema ndiye. Akasema aliwahi kuusikia ule mchezo wetu redioni, na kwamba kwa muda mrefu baadaye kilichokuwa kinamrudia si maneno. Akagusa koo lake, hakumaliza. Metere akaondoka haraka kwenda jikoni.

Alirudi na kikombe. Akasimama mbele ya kaka yake, akaonja, halafu akakiweka juu ya kiganja na kukinyoosha, kidole gumba kule mbali. Lakini mkono ule haukuwa tena ule wa zamani. Ulitetemeka. Chai ikaanza kumwagika, ikatiririka kwenye mkono wake mpaka kwenye kiwiko, ya moto, na yeye hakusogeza kidole. Mimi niliyesema alipanda Kinanira na bakuli la mchuzi, nilitazama chini.

"Shika kikombe, mudogo wangu," kaka yake akasema. "Kishike kama mutu."

Halafu nikaona kidole kile kikirudi, taratibu, kama mtoto anayeitwa tena kwenye sinia, kikajikunja, kikaushika ukingo. Kwa kuwa mkono ulitetemeka, kikazama kwenye chai mpaka kwenye pingili. Wote watatu tulikiona. Kaka mkubwa akapokea, akanywa, na nikasikia sauti ileile niliyoisikia nikiwa nimelala kwenye zulia la studio. Alikunywa mpaka nusu, akakunja uso, akamrudishia.

"Ambargo ilikwisha," akasema. "Ongeza sukari."

Metere akakipokea, akaenda nacho jikoni amekishika kwa vidole vyake vyote vitano.